Mlango wa Chumba cha Mizani

Chang'ombe, Temeke
Alhamisi jioni

Mwanangu Lusajo,

Uniwie radhi kwa kunyamaza kwangu. Mtu mwingine akiyasoma maneno hayo atadhani kwamba tumeishi mbalimbali, nami sikukuandikia. Sisi tumeishi nyumba moja. Tumekula meza moja, na kila asubuhi nimekusikia ukipiga mswaki uani. Hata hivyo lipo jambo ambalo sijakuambia tangu ulipokuwa darasa la sita. Nimezungumza nawe juu ya mengine yote, masomo, sare, kanisa, bomba lililokatika, ili nisilifikie hilo moja. Huo nao ni ukimya, na wangu umekuwa mrefu mno.

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Dada yako Atupele yumo chumbani kwako anafunga tranka, na kila anachoweka ananitajia kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri. Shuka, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi. Mambo ya vitu hivyo sitayaandika. Yeye ameshakueleza hata ukamjibu, "Sista, mie si mtoto," na nilifurahi kusikia mnacheka.

Alfajiri basi litakupeleka Kigoma, shuleni kidato cha tano. Uliponiambia kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyechagua shule ya mbali kuliko zote ulizoweza kuchagua, sikukuuliza sababu. Nadhani naijua. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hujarudi, maana ukirudi nitakuuliza kama umekula, na jioni itaishia hapo.

Nianze na baba yako. Wewe unamkumbuka zaidi akiwa mgonjwa. Mimi namkumbuka alipofika mjini kutoka Tukuyu, mwembamba, shati likimpepea mgongoni. Alipopata kazi ya stoo kiwandani, tukaoana, nikaanza kumpikia. Mwaka wa pili alikuwa na kitambi. Tulipokwenda nyumbani Desemba, shangazi zake walimshika mashavu wakisema, "Mji umekupokea, baba," kisha wakanigeukia mimi na kunitikisia kichwa kwa kuridhika. Nilisifiwa kwa mwili wa mume wangu kama fundi anavyosifiwa kwa nyumba aliyoijenga. Sikuona ubaya. Nilijiona mke mwema.

Isitoshe, mimi sikujaliwa ulimi wa kuomba msamaha. Tulipogombana, nilipika chapati. Alielewa, akala, tukapatana bila kutamka neno. Alipopunjwa kazini nilimpikia wali wa nazi. Tulipompoteza yule mtoto aliyekutangulia, nilipika kwa wiki nzima, na yeye akala chote, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kunifariji. Sukari ilipogunduliwa, tayari kidonda cha mguuni kilikuwa kimekataa kupona. Daktari aliniuliza, "Mama, mzee amekuwa akila nini?" Nilikuwa mwalimu, nina jibu la kila swali, na hilo sikulijibu.

Ulikuwa darasa la nne tulipompeleka Tukuyu kumzika.

Niliporudi nilisafisha jiko. Utakumbuka. Nilimwaga mafuta, nikatoa sukari nje, nikarudisha kreti la soda dukani. Ulisimama mlangoni ukanitazama. Hukulia. Uliuliza jambo moja tu.

"Na Ijumaa je?"

Ijumaa baba yako alikuwa akikuchukua kwenda kwenye banda la chipsi la Sudi, kando ya gereji, mkala pamoja, mkarudi mnanukia moshi. Nilikujibu, "Ijumaa ni siku kama siku nyingine." Nilikuwa na hofu, mwanangu. Nilikutazama nikaona mabega yake, shingo yake, namna yake ya kukaa. Hofu hiyo sikukuonyesha. Nilikuonyesha ukali, kwa sababu ukali nilikuwa nao karibu. Sikutambua kwamba mtoto wa miaka ile nilimfanya afiwe mara mbili: alimpoteza baba, kisha nikamwondolea na ladha ya baba.

Ukanenepa zaidi. Sikuelewa vipi, na jiko langu lilikuwa safi vile.

Ndipo ulipokuja mpango ule wa shule. Nesi Zuhura wa zahanati yetu alikuwa amemhudumia baba yako mpaka mwisho, nasi tukazoeana. Aliniambia kwamba watoto wengi wa siku hizi anawaona na uzito uliozidi, na baadhi wameanza kuonyesha dalili za maradhi ya wakubwa. Nilikuwa nayaona mwenyewe darasani. Viwanja vya mtaani vimejengwa. Mtoto anashushwa na bajaji mlangoni mwa shule, mapumziko anakunywa juisi ya paketi na kachori, jioni anafungiwa ndani na simu mpaka mama atoke kazini. Nesi Zuhura alikuwa na wazo: zahanati ituletee kliniki shuleni, siku moja kila wiki, na sisi walimu tuwabakize watoto baada ya masomo, wacheze, walime bustani, wajifunze kupika mchicha na maharage bila mafuta mengi. Vitu hivyo viwili viende pamoja. Kliniki peke yake, alisema, humpa mtoto karatasi na kumrudisha kwenye maisha yale yale. Na michezo peke yake huwavuta wale ambao tayari wanakimbia.

Nilikuwa mwalimu wa afya, nikaushika mpango huo kwa mikono miwili. Nilimfikiria baba yako. Nilikufikiria wewe. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikubali, ingawa wenzangu walinung'unika kwa sababu saa hizo walikuwa wakifundisha masomo ya ziada.

Wazazi ndio waliosita. Mmoja aliuliza mkutanoni, "Mnawapima watoto wetu ili muwapeleke wapi?" Mwingine, mama wa mwanafunzi wa darasa la tano aitwaye Rahma, alisimama akasema, "Mwalimu, mwanangu amenawiri. Nyie mnataka nimkondeshe watu waseme simlishi?" Ukumbi ulicheka ukampigia makofi.

Basi nikafikiri kama mwalimu anavyofikiri. Unajua desturi yetu. Mtoto wa mwalimu ndiye anayechapwa kwanza darasa likikosa, ndiye anayeulizwa swali gumu mbele ya mgeni, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba mwalimu anapendelea. Shuleni hukuruhusiwa kuniita mama. Uliniita Mwalimu, kama wengine, na nilijivunia kwamba hukukosea hata siku moja. Nikaona kwamba wazazi wakisikia kwamba mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyepanda mizani wa kwanza, hadharani, watajua kwamba hakuna aibu wala siri.

Nesi Zuhura alinionya. Asubuhi ile, tulipokuwa tunaitoa mizani katika chumba kilichotengwa kwa kliniki na kuiweka barazani mbele ya mistari ya wanafunzi, alinishika mkono.

"Mwalimu, tuwapimie ndani. Mlango tunafunga, mmoja mmoja."

"Mlango ukifungwa watasema tunaficha," nikamjibu. "Hatuna cha kuficha."

"Sisi hatuna. Wao je?"

Nilimwambia kwamba wanafunzi ninawajua.

Nilikuita kwa jina lako kamili, kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio. Ulitoka mstarini. Kaptura yako niliipiga pasi mwenyewe usiku. Ulipofika karibu nami uliinamisha kichwa ukauliza kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, lazima?"

Nimelisikia swali hilo tangu siku ile. Nimelisikia nikisahihisha madaftari, nimelisikia kanisani. Ungeniita mama pale, mbele ya shule nzima, huenda ningeamka. Lakini ulinitii. Uliniita kama nilivyokufundisha, nami nikakujibu kama mwalimu.

"Panda."

Ukapanda. Nikausoma uzito wako kwa sauti ile ninayosomea matokeo ya mtihani. Tarakimu siiandiki hapa. Kutoka mstari wa darasa la saba mtu akapaza sauti, "Tani!" Mwingine akaitikia, "Lori limejaa, shusha mzigo!" Shule nzima ikacheka, na mwalimu mmoja akajifunika mdomo kwa kitabu. Nilipiga kelele, "Kimya!" Wakanyamaza papo hapo. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani kwamba nimekutetea.

Jioni yake nilikupakulia chakula. Ukapokea sahani kwa mikono miwili, ukasema, "Ahsante, Mwalimu."

Atupele alicheka akidhani ni mzaha. Mimi pia nilitabasamu. Kesho yake ukasema hivyo tena. Wageni walipokuja walisema, "Kijana ana adabu huyu, hata nyumbani anamwita mama yake Mwalimu," nami nikawaitikia kwamba ndiyo, tumezoea. Hukuwahi kurudi kuniita lile jina lingine. Miaka yote ya sekondari nimelisubiri, na sikuwahi kukuuliza, kwa sababu nilijua siku ulipoliacha na mahali ulipoliacha.

Mpango wenyewe ulikufa taratibu. Wale tuliowapima tukakuta uzito wao umezidi ndio tuliowabakiza jioni kucheza, kwa hiyo shule nzima ilijua anayebaki anabaki kwa nini. Wengine walining'inia kwenye uzio kuwatazama. "Tani, kimbia! Tani, nchi inatikisika!" Uwanja ukawa mahali pa adhabu. Ulibaki kila siku kwa kuwa ulikuwa mtoto wa mwalimu. Ulikimbia ulipoambiwa ukimbie. Sikukuona ukicheza.

Mama Rahma alikuja shuleni kabla ya muhula kwisha. Safari hii hakuchekesha mtu. Alikaa kwenye kiti cha mbele ya meza yangu akaushika mkoba wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Rahma."

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anachezaga rede pale mtaani mpaka maghrib. Namwita namwita hataki kuingia. Tangu mmempima hachezi tena. Anajifungia ndani. Namuuliza, ananiambia tumbo. Mie nauliza tu, ndo ilikuwa nia?"

Nilimweleza nia yetu kwa sentensi ndefu na sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mwalimu," akaondoka. Muhula uliofuata alimhamisha mtoto. Ya Rahma baada ya hapo siyajui. Mtoto aliyekuwa anakimbia tulimsimamisha, na tulimsimamisha kwa dawa tuliyokusudia imkimbize. Masomo ya ziada yakarudi. Mizani ikarudishwa zahanati, na chumbani mle tukahifadhi madawati mabovu.

Kuna jambo lingine ambalo hulijui. Mwaka ule ule nilianza kukuta nauli yako haitoshi wiki, na Ijumaa ulichelewa. Nikaamua kukufumania. Nilikwenda mpaka kwenye banda la Sudi nikiwa nimekunja uso, na nilikuwa nimekutangulia. Sudi aliacha kukaanga.

"Shikamoo, Mama Lusajo."

"Marahaba. Mwanangu huja hapa?"

"Anakujaga, mama. Kila Ijumaa."

"Na wewe unamuuzia?"

"Mama, usinimaindi. Dogo anaagiza sahani kama ya mshua wake. Anakaa pale pale, benchi la mzee. Tunapiga stori mbili tatu. Chipsi zenyewe hamalizi, nyingi anawaachiaga mafundi wa gereji." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mie nilijua umemtuma."

"Nimtume kwa lipi?"

"Si ndo kumkumbuka mzee?"

Sikukusubiri. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili tusikutane. Niliketi jikoni, jiko langu lile safi, nikaelewa kwamba wewe ulikuwa na njia yako ya kwenda kaburini, na ilikuwa karibu kuliko Tukuyu. Ijumaa iliyofuata nilikutuma chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Ijumaa zote zilizofuata sikukosa cha kukutuma. Ulidhani mama yako anazeeka na kusahau. Nilikuwa nakupa ruhusa kwa namna pekee niliyoiweza, na ingekuwa afadhali ningekupa kwa mdomo. Afadhali zaidi ningekwenda nawe, nikae kwenye benchi lile, niagize sahani ndogo, unisimulie mlikuwa mkizungumza nini. Nilikuwa na Ijumaa nyingi za kufanya hivyo. Kesho haitakuwa mojawapo, utakuwa njiani.

Sasa nikwambie jambo la wiki iliyopita, ingawa ulikuwepo. Ulipotakiwa kupimwa afya kabla ya kwenda shule, tulikwenda zahanati pamoja. Nesi Zuhura bado yupo, mvi zimemjaa. Ulipofika kwenye chumba cha mizani ulisimama. Tangu siku ile ya barazani hukuwa umepanda mizani yoyote. Nalijua hilo, maana uliwahi kukataa hata mizani ya dukani ya kujipimia kwa utani. Nilidhani utageuka tuondoke. Ukaniambia kwa heshima, "Mwalimu, naomba unisubiri nje." Ukaingia, ukaufunga mlango mwenyewe.

Niliketi kwenye benchi la korido pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Sikusikia maneno. Nilisikia sauti ya Nesi Zuhura, kisha yako, kisha ukacheka. Ulicheka kwa sauti, kama ulivyokuwa ukicheka na baba yako. Mama mmoja aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni vumbi.

Ulipotoka sikukuuliza kitu. Tulipita mbele ya gereji, tukavuka barabara, na ulikuwa unanitazama kwa pembeni.

"Hujaniuliza," ukasema.

"Sijakuuliza."

Tukatembea mpaka karibu na nyumba.

"Ahsante," ukasema. Hukumalizia na neno lolote. Hukusema Mwalimu, wala lile jingine. Uliishia hapo, ukatangulia kufungua geti. Mwanangu, nimeitunza ahsante hiyo isiyo na mkia kuliko zawadi zote ulizonipa.

Nesi Zuhura hakuniambia chochote cha mle ndani, nami sikumuuliza. Tulipokutana tena, aliniuliza yeye: kwa nini tusirudishe mpango ule shuleni, tuufanye ipasavyo? Akaniambia anavyouona. Watoto wote wabaki jioni, wanene kwa wembamba. Wacheze wanachokijua wenyewe, rede, kombolela, kamba, ngoma. Mchezo ukiwa umechanganya, kila mmoja kwa zamu yake aingie chumbani, na huko aangaliwe macho, meno, kifua, urefu, uzito, yote pamoja, mlango umefungwa, kisha arudi kwenye mchezo kabla hata wenzake hawajajua kwamba alitoka. La kuambiwa mzazi aambiwe mzazi peke yake, polepole, na Ijumaa wazazi wakaribishwe wapike na watoto wao, chakula chao wenyewe, tusiwapigie kelele. Nilimsikiliza nikaona kwamba hakuna kipya alichoongeza isipokuwa mchezo wa wote na mlango. Na mlango aliusema tangu mwanzo.

Mwalimu mkuu wa sasa ameupenda. Ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Lakini walimu wanazitaka jioni zao kwa masomo ya ziada, na wazazi wengi wanawaunga mkono kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Kamati ya shule itakaa Jumamosi iamue moja kati ya mawili, na mimi ndiye nitakayeeleza. Ninastaafu mwisho wa mwaka. Wakikataa, sidhani kama kutakuwa na mwingine wa kulisema jambo hili kwa miaka mingi, na watoto ninaowaona pale getini kila asubuhi wakishushwa na bajaji watafika hospitali kwa njia aliyoipita baba yako.

Jana mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mwalimu, mie nakuheshimu kama mama yangu, nisikufiche. Kamati ngumu ile. Maelezo hayawatikisi."

"Nitajiandaa vizuri."

"Wape mfano, Mwalimu. Mtu wanayemjua. Si una kijana? Walimu wa zamani wamenisimulia. Sema yaliyompata, sema ya marehemu mzee. Watalia pale. Wakishalia wamekubali."

Nilimwambia nitafikiri, nikatoka.

Nimefikiri. Anasema kweli. Katika yote ninayoyajua kuhusu jambo hili, lenye nguvu ni moja, nalo ni wewe. Nikisimama Jumamosi nikasema, "Mwanangu alipanda mizani barazani," ukumbi utanyamaza, na huenda tukashinda. Wewe utakuwa Kigoma, hutasikia. Ungekuwa uongo? Hapana. Ingekuwa kwa ajili ya watoto wengine? Ndiyo. Lakini hata siku ile haikuwa uongo, na ilikuwa kwa ajili ya watoto wengine.

Kwanza nilitaka nikuombe ruhusa katika barua hii. Niliandika sentensi hiyo, nikaichana karatasi. Mtoto anayeombwa jambo na mama yake jioni ya kuamkia safari hawezi kukataa, na ruhusa ya mtu asiyeweza kukataa nimekwisha kuipokea kutoka kwako mara moja. Kwa hiyo sikuombi. Siku ukitaka kuisema habari yako, utaisema wewe, mahali utakapopachagua, kwa mtu utakayempenda. Usipotaka, itabaki ndani, na mlango umeufunga mwenyewe.

Nitaeleza kwa hiyo bila mfano. Nitasema kwamba mizani iwe chumbani, na mchezo uwe wa wote. Wakiniuliza, "Umejuaje, Mwalimu?" nitasema kwamba niliwahi kukosea, mimi, na sitasema nilimkosea nani. Huenda isitoshe. Nimezoea kushinda mikutano, Lusajo, na huu naweza kushindwa, nami nimelikubali hilo jioni hii nikiwa peke yangu kwenye meza tuliyokuwa tunakula kimya.

Mwili wako ni wako. Unafanana na baba yako, mabega yale yale, na ninapokutazama ukitoka mlangoni bado hofu inanishika, nami sitakudanganya kwamba imeisha. Ila sitaivalisha tena sare yoyote. Zahanati ziko hata Kigoma, zina milango. Zaidi ya hapo siongezi.

Namsikia Atupele akifunga kufuli la tranka. Barua hii nitaiweka mfukoni mwa koti lako, maana tranka litakaa chini ya basi, nami ningependa uisome njiani, ukiwa umekaa dirishani, ambapo hakuna anayekutazama usoni. Huna haja ya kujibu. Nikikusindikiza kituoni alfajiri nitakuuliza kama umechukua maji, na wewe utaniitikia kama unavyoniitikia siku zote, nami nitaitika.

Jumamosi kamati itakaa baada ya chakula cha mchana. Nitavaa lile gauni la bluu. Wakishaamua nitarudi nyumbani, nitaketi hapa hapa, na nitakuandikia siku hiyo hiyo walivyoamua, iwe wamekubali au wamekataa, bila kukucheleweshea tena.

Nimeandika "mama" hapa chini kwa sababu ndivyo nilivyo. Wewe niite utakavyo.

Mama yako